Kuta za Ulaya na Wazipigao Picha

Wasomaji wa gazeti hili wanaijua habari ya mfalme Belshaza katika kitabu cha Danieli, sura ya 5. Mfalme aliuona mkono ukiandika katika chokaa ya ukuta. Taa ilimulika, herufi zilikuwa wazi, wala hapakuwa na kizuizi mbele ya macho yake. Lakini kusoma hakuweza. Akawaita wenye hekima wa nchi yake, nao hawakuweza. Nimeikumbuka habari hiyo kwa sababu ya picha ninazozitazama siku hizi, ambazo wasafiri wamezipiga mbele ya kuta za miji ya Ulaya zilizojaa maandishi na michoro ya siasa. Wengi wa wasafiri hao wamo katika hali ya Belshaza: wameona, wamestaajabu, wala hawakusoma. Tena mfalme yule alitetemeka hata magoti yakagongana, hawa wanafurahi.

Yafaa nieleze kuta hizo ni za namna gani, maana si kila msomaji amefika Berlin au Belfast. Katika miji mingi ya Ulaya mtu mwenye neno la kusema juu ya serikali, au juu ya vita, au juu ya kodi ya nyumba, naye hana gazeti wala nafasi ya kusimama mbele ya wakubwa, huchukua kopo la rangi ya kupuliza akaandika ukutani usiku. Wengine huchora michoro mikubwa inayofunika upande mzima wa ghorofa, wakishinda juu ya ngazi siku nyingi, kwa ruhusa ya mwenye ukuta au bila ruhusa. Pengine hutozwa faini. Pengine maandishi hufutwa kabla jua halijapanda. Jambo lenyewe si geni kwetu sisi waalimu. Kila mwalimu ajua kwamba mwanafunzi aliyekosa mahali pa kuushtakia uji wa shule hutafuta kipande cha mkaa, na kesho yake ukuta wa nyuma wa choo umekuwa gazeti. Twaufuta, lakini kabla ya kuufuta twausoma, tena kwa makini kuliko tusomavyo madaftari.

Sasa wako watu wasafirio mji hata mji kwa ajili ya kuzipiga picha kuta hizo tu. Wengine huzichapa vitabuni, wengine huwaonyesha rafiki zao. Kazi yao nataka kuipima hapa kama ipimwavyo kazi ya mtunga mashairi au ya mwandishi wa habari, maana naona husifiwa kwa jambo dogo, na katika jambo kubwa huachwa bila kuulizwa neno. Husifiwa kwa rangi, kwa mwanga, kwa ubora wa kioo cha kamera. Mimi nauliza hivi: katika picha hiyo, je, ukuta bado wasema neno lile ulilowaambia watu wa mtaa wake, au umenyamazishwa ukabaki pambo? Fikirini mtu apigaye picha ya kanga. Mji wa kanga ameutengeneza ukapendeza, pindo zote zaonekana, lakini jina amelikata. Mwanamke mwenye kanga hiyo angemcheka, maana yeye aliinunua kwa ajili ya jina, na jirani aliyekusudiwa alikwisha kulisoma.

Wa kupimwa kwanza ni Brassaï. Jina lake la kuzaliwa ni Gyula Halász. Alizaliwa mwaka 1899 katika mji wa Brassó, ambao leo umo katika nchi ya Rumania na huitwa Brașov, akahamia Paris mwaka 1924. Tangu miaka ya 1930 alizunguka katika mitaa ya mji huo akipiga picha za alama zilizochongwa ukutani kwa kisu au msumari: nyuso za watu, mioyo, mafuvu ya vichwa. Mwaka 1933 aliandika makala juu yake katika gazeti la Minotaure. Mwaka 1956 picha zake zilionyeshwa New York katika Museum of Modern Art, na mwaka 1960 zikatoka kitabuni, nacho kikaitwa Graffiti. Uvumilivu wake ni wa kusifiwa bila kubania. Alichukua daftari ndogo mfukoni, akaandika humo mahali pa kila alama, kisha akarudi baada ya miaka kadhaa kuona ukuta umekuwaje: uso uliokuwa mwembamba umetanuka kwa mvua, au mkono mwingine umeongeza macho. Wasafiri wa leo, wapigao picha 200 kwa siku moja wasirudi tena, wangejifunza mengi kwa daftari ile.

Lakini tazameni jinsi alivyozipanga picha zake. Kitabu kina sehemu tisa, nazo zina majina kama vile mapenzi, mauti, uchawi, wanyama. Na ya mwisho ameipa jina la Kifaransa lenye maana ya picha za watu wa hali ya kwanza, wasioendelea. Neno hilo sisi Waafrika twalijua vema. Ndilo lililobandikwa muda mrefu juu ya vinyago vyetu katika nyumba za makumbusho za Ulaya, ili mtazamaji asiulize nani alikichonga, mwaka gani, kwa shauri gani. Brassaï hakuwa na chuki; alilitumia neno kwa sifa. Hata hivyo kazi ya neno ni ile ile. Katika miaka hiyo aliyozunguka na kamera yake, watu wa Paris walikuwa wakiandika ukutani juu ya mishahara na juu ya vita. Wakati Wajerumani walipoushika mji, watu walichora kwa chaki herufi V na msalaba wa Lorraine kuwapinga, na aliyekamatwa alikuwa hatarini. Katika sehemu tisa za kitabu hakuna hata moja iliyopewa jina la mambo hayo. Tena alisogea karibu mno, akaupiga ukuta kwa mwanga wa kando hata kila mkwaruzo ukawa bonde, na barabara ikatoweka. Ni picha nzuri. Mimi nimezitazama mara nyingi na nitazitazama tena. Lakini zamfanya fundi wa kiwanda, aishiye katika mwaka wake na shida zake, aonekane kama mtu wa pangoni asiye na mwaka.

Karibu na kitabu hicho napenda kuweka kingine kisicho na sifa ya uzuri. Mwezi wa Mei 1968 wanafunzi na wafanyakazi wa Ufaransa waligoma, na kuta za Paris zikajaa maneno. Julien Besançon, mwandishi wa habari wa redio, alizunguka akiyanakili, na mwaka ule ule akayachapa katika kitabu kiitwacho Les murs ont la parole, yaani zamu ya kusema ni ya kuta. Yeye hakuonyesha umbo la herufi wala rangi. Aliandika maneno, na pamoja nayo mahali yalipoandikwa: chuo cha Sorbonne, chuo cha Nanterre, jumba la michezo la Odéon. Basi katika kitabu cha Brassaï umepata uso, hukupata anwani. Katika cha Besançon umepata anwani, hukupata uso. Mpiga picha angefaa sana kama angeviunganisha viwili hivyo, na kwa kamera za leo kazi hiyo si ngumu. Ni kurudi nyuma hatua kumi ili mtaa uingie, kisha kuandika tarehe na jina la barabara.

Mtu ataniambia kwamba kurudi nyuma na kuandika tarehe ni mambo ya karani. Nitamjibu kwa mchoro wa Berlin ambao nadhani umepigwa picha kuliko karibu michoro yote ya kuta za Ulaya. Ukuta wa Berlin ulijengwa kuanzia tarehe 13 Agosti 1961 kuwazuia watu wa mashariki wasiende magharibi, na watu waliuvuka kwa uhuru kuanzia usiku wa tarehe 9 Novemba 1989. Wakati ule upande wa magharibi ulikuwa umejaa rangi, lakini upande wa mashariki ulikuwa mtupu, kwa kuwa askari hawakumruhusu mtu kuukaribia. Baada ya mpaka kufunguliwa, wachoraji wa nchi nyingi walikuja mwaka 1990 wakachora upande huo wa mashariki katika barabara ya Mühlenstraße, urefu wa mita 1,316. Mahali hapo huitwa East Side Gallery. Mmoja wao, Mrusi Dmitri Vrubel, aliwachora wazee wawili wakibusiana mdomoni: Leonid Brezhnev, mkuu wa Urusi ya Kisovieti, na Erich Honecker, mkuu wa Ujerumani ya Mashariki.

Wasafiri husimama mbele ya mchoro huo wakacheka. Kijana na mchumba wake hubusiana kwa kuiga, mwenzao akapiga picha. Katika nyingi nilizoziona, maneno yaliyoandikwa juu na chini ya mchoro yamekatwa. Maneno hayo, kwa Kirusi na kwa Kijerumani, ni ya maombi: mtu amwomba Mungu amsaidie aokoke katika pendo hilo la mauti. Ukiyasoma, kicheko chapungua. Mchoro hauwadhihaki wazee wawili tu; ni kilio cha mtu aliyebanwa kati yao, yaani raia. Pendo la wakubwa wawili lilikuwa mzigo juu ya mgongo wake. Mpiga picha aliyekata maneno amemwondoa mlalamikaji mwenyewe, akaacha wazee wawili na kichekesho.

Liko na jambo la pili. Busu lile lilitokea kweli mwaka 1979, siku za sherehe ya miaka 30 ya Ujerumani ya Mashariki, na Mfaransa Régis Bossu alilipiga picha. Vrubel alichora akiitazama picha hiyo. Basi picha iligeuka ukuta, na ukuta wageuka tena picha kila siku mikononi mwa wageni. Na mwaka 2009, kwa kuwa rangi ilikuwa imeharibiwa na mvua na pia na wageni walioandika majina yao juu yake, mchoro wa kwanza ulifutwa, Vrubel akauchora upya mahali pale pale. Mwenye picha ya mwaka 1995 na mwenye picha ya mwaka 2015 wadhani wana kitu kimoja. Wana vitu viwili. Cha kwanza kilichorwa na mtu aliyekuwa ametoka tu katika hofu. Cha pili kilichorwa na mtu yule yule baada ya miaka 19, kwa kualikwa, mahali palipokwisha kulindwa kwa sheria. Pasipo tarehe tutatenganishaje?

Jambo la tarehe lazidi kuwa zito tukivuka bahari mpaka Ireland ya Kaskazini, maana huko maandishi ya ukutani yamepakana na makaburi. Katika mji wa Derry, mtaa wa Bogside, mtu aliandika mwezi wa Januari 1969 kwenye ukuta wa mwisho wa safu ya nyumba kwamba aingiaye sasa aingia Derry iliyo huru. Baadaye nyumba zote za safu ile zilibomolewa. Ukuta ule mmoja uliachwa, nao wasimama peke yake mpaka leo, hauna chumba nyuma yake. Wapiga picha wengi huujaza ukuta katika picha yao hata mtu adhani bado ni nyumba ya kukaa watu. Aliyerudi nyuma, akaonyesha barabara pande zote na ukuta umesimama katikati kama jino moja kinywani, ndiye aliyenifundisha kitu: ya kwamba watu walikubali nyumba ziondoke, maneno wakakataa yasiondoke.

Katika mtaa huo huo wachoraji watatu, Tom Kelly, William Kelly na Kevin Hasson, walichora michoro 12 mikubwa kati ya mwaka 1994 na 2008. Mmoja ni wa binti wa shule mwenye umri wa miaka 14, aliyeuawa kwa risasi mwezi wa Septemba 1971. Amesimama na nguo zake za shule mbele ya vifusi. Kando yake pana bunduki. Juu yake pana kipepeo. Mwaka 1999, walipouchora, bunduki ilikuwa nzima, na kipepeo hakutiwa rangi, kwa sababu wachoraji hawakuwa na hakika ya amani, ijapokuwa mapatano yalikwisha kufanywa siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 10 Aprili 1998. Walingoja. Mwaka 2006 walirudi na ngazi zao, wakaichora bunduki imevunjika vipande viwili, na kipepeo wakamtia rangi.

Nawaombeni wasomaji mlifikiri jambo hilo polepole. Watu waliacha sehemu ya mchoro bila kumaliza kwa miaka saba, mbele ya macho ya mtaa mzima, kwa kuwa hawakutaka kusema uongo juu ya amani. Basi picha ya kipepeo asiye na rangi ni ushuhuda, na picha ya kipepeo mwenye rangi ni ushuhuda mwingine. Nimeziona zote mbili zimewekwa ukurasa mmoja, na chini yake limeandikwa neno Ireland tu. Huo ni uvivu, na katika jambo la mtoto aliyekufa uvivu ni kosa kubwa. Tena wako wasafiri waendao Belfast wakapiga picha mtaa wa Falls Road wa Wakatoliki peke yake, au mtaa wa Shankill wa Waprotestanti peke yake, kulingana na teksi waliyoipanda, na kurudi nyumbani wakiwa na hakika. Kati ya mitaa hiyo miwili umepita ukuta mrefu uliojengwa kuwatenga Wakristo na Wakristo wenzao; kuta za namna hiyo zilianza mwaka 1969. Mwenye kuleta picha za upande mmoja ameleta hotuba ya mshtaki bila ya mshtakiwa. Sisi tusikiao mashauri barazani twajua hukumu ya namna hiyo huwa ya namna gani.

Baada ya habari hizo nzito nitataja mahali ambapo si mji mkubwa, ila kijiji cha wafugaji katika milima ya kisiwa cha Sardinia, Italia. Jina lake Orgosolo. Mwaka 1969 serikali ilitaka kuwatwalia malisho yao ya Pratobello yawe uwanja wa askari kujifunza kulenga shabaha. Wanakijiji, wanaume na wanawake na watoto, walitoka wakaenda kukaa katika malisho yao, na mazoezi yakashindikana. Mwaka huo huo mchoro wa kwanza ulionekana kijijini. Kisha mwaka 1975 mwalimu wa kuchora, Francesco Del Casino, mzaliwa wa Siena, alifanya kazi na wanafunzi wake kuikumbuka miaka 30 tangu Italia ilipokombolewa mikononi mwa Mafashisti na Wanazi. Walianza na karatasi, wakahamia ukutani. Leo kijiji kina michoro zaidi ya 100, mingi ina maneno ya Kiitalia au ya Kisardinia juu ya ardhi, vita na haki za maskini. Mimi kama mwalimu sikuweza kuipita habari ya mwenzetu aliyeutoa ubao wa darasa nje ya darasa. Lakini picha nyingi za Orgosolo zilizonifikia zafanana: bibi mzee mwenye nguo nyeusi apita chini ya mchoro wenye rangi kali. Mpiga picha amependa nyeusi juu ya nyekundu. Huenda bibi huyo alilala Pratobello mwaka 1969 pamoja na wengine; katika picha amekuwa rangi.

Mpaka hapa nimesema juu ya picha inyamazishayo ukuta. Kuna dhara jingine, ambalo mpiga picha hulifanya asilione, maana hutokea akiisha kuondoka. Katika mtaa wa Kreuzberg, Berlin, mchoraji wa Italia ajulikanaye kwa jina la Blu alichora mwaka 2007 na 2008 michoro miwili mikubwa mno karibu na kiwanja kitupu cha Cuvrystraße. Mmoja ulionyesha mtu aliyevaa suti, hana kichwa, ajiweka tai sawasawa, na katika mikono yake saa mbili za dhahabu zimeunganishwa kwa mnyororo kama pingu. Maana yake ni wazi hata kwa asiyesoma Kijerumani. Kiwanjani watu maskini walikaa katika vibanda. Michoro ikapata sifa, wageni wakamiminika, picha zikaenea, mji wenyewe ukajivunia sura yake ya sanaa, na bei ya kukaa mtaani ikapanda. Yaani ukuta uliomkemea tajiri ukawa ubao wa tangazo wa kumwita tajiri. Mwaka 2014 watu wa vibandani waliondolewa, na mwezi wa Desemba mwaka huo huo, kwa idhini ya Blu mwenyewe, michoro yote miwili ilipakwa rangi nyeusi usiku mmoja. Lutz Henke, aliyeshirikiana naye katika kazi ile, aliandika gazetini kueleza kwamba hawakutaka kazi yao iendelee kutumika kuupamba mji uliowafukuza watu wake.

Mwaka 2016 Blu alifanya tena, mjini Bologna. Huko matajiri wa mji walitengeneza maonyesho ya kazi za kuta, na nyingine zilikuwa zimebanduliwa kutoka mahali pake zikaingizwa ndani. Mwezi wa Machi Blu na wasaidizi wake walizifunika kwa rangi ya kijivu kazi zake alizokuwa amezichora katika mji ule kwa miaka mingi. Mtu kuziharibu kazi za mikono yake mwenyewe ni jambo la uchungu. Lakini twajifunza kwamba mwenye ukuta uliosema kwa ajili ya maskini aona heri usionekane kabisa kuliko uonekane ukiwa umegeuzwa maana.

Mjini Prague upo ukuta ambao watu walianza kuuandika mwezi wa Desemba 1980, baada ya kuuawa kwa mwimbaji John Lennon, na polisi wa serikali ya Kikomunisti walikuwa wakiupaka chokaa kila mara. Serikali ile ilianguka mwaka 1989. Miaka mingi baadaye wageni walikuja na makopo ya rangi kuandika majina yao na ya wapenzi wao, wakapigana picha. Mwaka 2019 wakubwa wa mahali pale waliweka kanuni kuyakataza makopo. Ukuta uliostahimili chokaa ya polisi ulichoshwa na wageni.

Najua wako watakaosema kwamba ninadai mno. Picha ni picha, watasema; macho yana haki yao, na uzuri wa rangi ni zawadi kwa kila mtu, asomaye na asiyesoma. Nakubali nusu. Mchoro usiopendeza hautazamwi, na usiotazamwi hausemi. Wachoraji wa Bogside walijua hivyo ndiyo maana walifanya kazi kwa uangalifu. Pia kama si wapiga picha, michoro ya Cuvrystraße isingejulikana nasi leo. Lakini nasisitiza nusu iliyobaki. Aliyeandika ukutani hakuandika kwa ajili ya kupambwa. Alikuwa na mtu wa kumwambia, naye mtu huyo hukaa mtaa ule ule, hupita kila asubuhi akienda kazini. Mpiga picha ni mgeni aliyesikia maneno yasiyomhusu. Hakatazwi kuyachukua; ila ayachukue yote, asichukue sauti akaacha maneno.

Tena mwenye kusoma huona hata kilicho kidogo, na hapa nina mfano unaotuhusu sisi. Katikati ya Berlin palikuwa na barabara iitwayo Mohrenstraße. Mohr ni neno la kale la Kijerumani la kumwita mtu mweusi, na Waafrika wengi wa Berlin pamoja na rafiki zao waliliona ni neno la dharau, nao walidai kwa miaka mingi jina libadilishwe. Wajuao Kijerumani wajua kwamba herufi o ikitiwa nukta mbili juu yake hubadilika sauti. Basi watu walikwenda kwenye vibao vya barabara wakatia nukta mbili. Mohren ikawa Möhren, na Möhren maana yake karoti. Hapakuwa na ngazi, wala rangi nyingi, wala uso wa mtu mashuhuri. Nukta mbili tu, na barabara nzima ikawa barabara ya karoti, na aliyepita akacheka, kisha akajiuliza kwa nini amecheka.

Msafiri mwenye kutafuta rangi angeipita kazi hiyo mara kumi. Kwangu mimi ndiyo kazi bora kuliko zote nilizozitaja, kwa kuwa imebeba hoja yake nzima katika alama isiyozidi ncha ya kidole. Na picha yake ni ngumu kupiga kuliko ya busu la Vrubel, maana haimfai mtu asiyeeleza. Lazima mpiga picha aandike chini yake kibao kilisemaje kwanza, sasa chasemaje, na nani amekasirika. Kamera peke yake haiwezi.

Tarehe 23 Agosti 2025, siku ambayo dunia hukumbuka biashara ya watumwa na kukomeshwa kwake, barabara ile ilipewa jina jipya: Anton-Wilhelm-Amo-Straße. Amo alikuwa Mwafrika aliyezaliwa karibu na mwaka 1703 katika nchi iitwayo leo Ghana, akapelekwa Ujerumani akiwa mtoto, akasoma hata akafundisha falsafa katika vyuo vya Halle na Jena. Mwaka 1729 alitetea chuoni Halle hoja juu ya haki za watu weusi katika Ulaya, nayo maandishi ya hoja hiyo yamepotea. Mwaka mmoja kabla, mwezi wa Agosti 2024, sehemu ya barabara nyingine ya Berlin iliyoitwa Petersallee iliitwa Maji-Maji-Allee. Carl Peters hatuhitaji kuelezwa. Wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Mwaka 1986 wakubwa wa Berlin walikuwa wametangaza kwamba Peters wa kwenye kibao si yule tena, ila ni mtu mwingine mwenye jina hilo, kana kwamba kibao kingeweza kusahau.

Vibao vya zamani vya Mohrenstraße vimepisha jina jipya, na nukta mbili zimekwenda navyo. Zimebaki picha zake. Nimejaribu kukusanya zile ninazoweza kuzipata, ili niwaonyeshe wanafunzi wa darasa la juu jinsi alama moja ya herufi igeuzavyo maana. Nyingi hazina tarehe.